Herufi Kubwa za Mkaguzi

Mara ya kwanza kumwona, alikuja kibandani kwangu Malindi, ninapouza simu kuukuu, akaomba nimwonyeshe simu mbovu kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilidhani sikusikia vizuri. Katika biashara ile nimeombwa simu rahisi, simu safi, simu isiyoulizwa ilikotoka. Mbovu sikuwahi kuombwa.

"Mbovu kivipi, mama?"

"Iwe nzito kufungua. Iwe inakwama. Memori yake isitoshe hata picha za harusi moja."

Nikamtolea moja niliyokuwa nimeshaikatia tamaa. Nikataja bei, ile ya kuanzia mazungumzo, maana kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Akalipa. Hakuguna, hakugeuka kama anayeondoka, hakuniambia jirani yangu anauza nusu yake. Mchana kutwa sikuwa na raha. Mteja anayelipa bei ya kwanza hukuacha ukijiuliza ni wapi ulipopunjwa.

Wiki iliyofuata akarudi kutafuta mbovu zaidi.

Huyo ndiye Mkaguzi. Jina analo, na kwao Mambrui ukitaja ukoo wake utaonyeshwa mlango, lakini sisi tuliofanya kazi naye hatukumwita vingine, nami sitaanza leo. Kazi yake ilikuwa kukagua msimbo, yaani maandishi ya programu, kabla haujaingizwa katika kivinjari fulani cha mtandao kinachotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali na kutolewa bure. Sehemu yake ilikuwa ile inayoshughulika na vichupo, vile vidirisha vinavyojipanga juu ya skrini ukifungua kurasa nyingi, na jinsi ukurasa mmoja unavyotoka na mwingine kuingia. Aliifanyia kazi hiyo ghorofani, katika nyumba ya kupanga pale mtaa wa Barani, na simu zangu mbovu amezianika dirishani kama samaki ng'onda.

Mimi nilianza kwa kumpelekea simu. Kisha nikawa namweleza kila moja inavyokwama na kwa nini, maana simu dhaifu nimeishi nazo kuliko nilivyoishi na ndugu zangu. Siku moja akanisukumia kompyuta. "Ugonjwa unaujua tayari," alisema. "Kaa hapo ujifunze dawa." Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, iwe chenji, iwe viti vya hafla, iwe maneno ya mtu. Maneno yale nimeyahesabu sana, na kila nikihesabu napata kwamba nyumba ninayolala leo na karo ya wanangu vimetoka humo.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hutamwelewa. Katika kivinjari chetu kila ukurasa hupewa chumba chake ndani ya memori, na chumba hicho huitwa mchakato. Kimoja kikiporomoka, vingine vinabaki vimesimama. Vyumba hivyo havisemezani vyenyewe kwa vyenyewe. Katikati yuko mkubwa wao anayebeba maneno kutoka huku kwenda kule. Vitabuni ana jina refu lisilokaa mdomoni. Mkaguzi alimwita mshenga, na leo hata wenzetu wa mbali wasiojua neno jingine la Kiswahili huandika "mshenga" katika barua zao kana kwamba wameoa Lamu.

Kila mgeni wa timu alipitishwa katika mtihani uleule.

"Mshenga kazi yake nini?"

"Kupeleka posa, mama, na kuleta jibu."

"Anaruhusiwa kukubali kwa niaba ya upande wa mwanamke?"

"Hapana."

"Haya. Fungua faili hili uone wetu anavyofanya."

Wetu alikuwa ameharibika. Kwa miaka mingi kila mpita njia alimwongezea kijukumu: shika na huu ufunguo, kumbuka na hili, ukipita pale funga dirisha. Mwisho akawa mshenga anayekula nyumba zote mbili, anaamua nani alale wapi, na anafukuza wakazi wa zamani kabla wapya hawajafika. Kwenye simu za bei kubwa hayo hayakuonekana, maana nafasi ni tele. Kwenye simu zangu yalionekana sana.

Basi kazi ilikuwa kuupanga upya msimbo huo wote: kumnyang'anya mshenga funguo, kumrudishia posa na jibu, na kufanya hivyo bila anayetumia kivinjari kuona tofauti yoyote. Ukifaulu, hakuna atakayejua ulifanya kitu. Kwa mfanyabiashara hilo ni kama tusi.

Na haikuwa kazi ya kujipendezesha. Wakuu wa mradi walikuwa wametuandikia waziwazi: sehemu ya simu dhaifu inaeleweka na mtu mmoja tu, na kitu kinachoeleweka na mtu mmoja hakitunziki. Ama ipangwe upya hadi wengine waweze kuilea, ama iondolewe kabisa. Ikiondolewa, kila simu niliyowahi kuuza, za akina mama wa viazi karai, za walinzi wa hoteli za Bofa, za wakulima wa bara huko ambako simu moja hutumiwa na nyumba nzima, zingebaki bila kivinjari cha kuzifaa. Na huyo mtu mmoja alikuwa yeye Mkaguzi.

Sokoni, kama nilivyosema, hakuwa lolote. Wauza samaki walimgombania. Nilijaribu kumfundisha, nikamwambia asimame, aguse, aweke chini, ashike njia. Aliniambia hana muda wa maigizo. Lakini mletee msimbo, utajua alikoziweka nguvu zake zote za kupatana. Mwenzangu Kadzo, msichana wa Mariakani ambaye ulimi wake ni mkali kuliko wangu, na hilo silisemi kwa wepesi, alimletea siku moja mabadiliko marefu ya kazi ya mwezi mzima.

"Kadzo mwanangu, huu ni mzigo wa lori. Nipunguzie."

"Nimeshapunguza, mama."

"Nusu."

"Nusu haitafanya kazi!"

"Basi nusu ya kwanza ifanye nusu ya kazi. Ikae tuione, kisha uniletee nyingine."

Kadzo akanigeukia. "Wewe si ndiye bingwa wa kupatana? Mbona umenyamaza kama mgonjwa?"

"Hapa mimi mteja tu," nikamwambia.

Sababu yake ilikuwa moja. Hakutaka kupanga upya na kubadilisha kazi vichanganywe ndani ya mzigo mmoja, maana kikiharibika kitu hutajua ni mkono upi ulioharibu. "Leo tunahamisha makabati," alikuwa akisema. "Pilau kesho." Kadzo aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi akayabandika mlangoni. Mkaguzi alipoyaona aliuliza nani anapika.

Alikuwa na kasoro zake, tena zile zinazochekesha kwa sababu ya kazi yake. Mwanamke aliyekuwa akipigania kila kichupo kifungwe kwa adabu hakuwahi kufunga kichupo chake hata kimoja. Kompyuta yake ilikuwa na vingi hadi vilikuwa vimebanana kama meno ya kitana. Nilijaribu kuvihesabu nikapata idadi moja, nikarudia nikapata nyingine, nikaacha. Alituhubiria kwamba ukurasa mpya upige hodi na usubiri, naye aliingia majikoni mwa watu bila hodi, akifunua vyungu. Na usisahau hili: mtaani alikuwa mshenga kwelikweli. Familia zilimtuma kupeleka posa. Alikwenda, akakaa, akanywa, na mara nyingi jibu aliamua yeye mwenyewe kabla hajafika. "Yule kijana hafai," alituambia asubuhi moja, viatu bado mguuni. "Nimewaambia wakwe haji tena." Kadzo akamuuliza kama huyo mshenga wake naye hahitaji kupangwa upya. Mkaguzi alicheka hadi akashika meza.

Sasa nizungumze juu ya herufi zake.

Tangu nilipomjua, maandishi ya skrini yake yalikuwa makubwa. Mwaka baada ya mwaka yakazidi kukua. Ilifika mahali mstari mmoja ulijaza skrini kutoka ukuta hadi ukuta, na kipande cha msimbo chenye mistari michache tu kilikuwa kimeshamwagika nje. Naye alitoa sheria: kisichoenea kwenye skrini yangu ni kirefu mno, kakigawe. Tuligawa. Tuliona ni ukali wa fundi. Watu wa mbali waliisifu sheria hiyo katika mikutano, wakasema mama huyu ana nidhamu ya ajabu, wengine wakaichukua kwa timu zao. Sheria ya pili ilifuata: kila jina na kila mstari usomeke kwa sauti bila kujikwaa. Alitusomesha kwa zamu huku amefumba macho, kidole kinagonga meza. "Umesema 'kama' mara tatu kwa pumzi moja. Gawa." Tena alidai kosa analisikia vizuri zaidi katika sauti ya Kadzo, mwenye lafudhi ya Kigiriama, kuliko katika yangu. Hilo liliniuma, maana sauti yangu imeuza vitu.

Tulikuwa karibu kumaliza nusu ya pili ya kazi Kadzo alipokuja kutoka kwao na uso umevimba. Mamake, huko Mariakani, alikuwa amejaza kwa simu maombi ya msaada wa karo ya mdogo wake. Jioni nzima, kidole kimoja. Alipobonyeza kuendelea, ukurasa ukawa mweupe. Kurudi nyuma, mweupe. Yote aliyoandika yamekwenda.

"Ni mabadiliko ya wiki jana," Kadzo alisema. "Yale ya kufunga ukurasa wa zamani. Nimeyajaribu, naliona kosa. Mshenga anafunga nyumba ya kwanza, ya pili inakosa memori inakufa njiani, anabaki na mikono mitupu."

Mabadiliko hayo aliyaandika Mkaguzi mwenyewe, na aliyajaribu mwenyewe kwenye simu zangu. Tukapanda kwake. Kadzo akachukua ile simu mbovu ya kwanza kabisa dirishani, akafungua ukurasa, akabonyeza kwenda mwingine, akasubiri, kisha akampa.

Mkaguzi akaitazama. "Si imefunguka vizuri?"

Tukainama kuitazama pamoja naye.

"Ukurasa si huu hapa? Mnalalamikia nini?"

Kadzo aliniangalia mimi. Kisha akasema taratibu sana, "Mama, juu hapo pameandikwaje?"

Akaisogeza simu puani. Akaiweka mbali. Akaisogeza tena. Nje mtu wa maji alikuwa akipiga kengele ya mkokoteni wake, na alikuwa amepita kabisa kabla ya Mkaguzi kuuliza:

"Ni mweupe?"

"Mweupe pe, mama."

Aliiweka simu mezani, kifudifudi. "Kwangu kurasa zote ziko hivyo tangu Ramadhani," alisema. "Kwenye kompyuta nakuza, naona. Kwenye hivi vidude vyako siwezi. Ni presha ya macho. Daktari ameniambia lililokwenda halirudi, na lililobaki nalo linafunga mizigo. Basi ule mweupe niliupitisha kwa sababu ulifanana na kurasa nyingine."

Ndipo nilipoielewa ile nidhamu ya ajabu. Miaka yote tulikuwa tukikata msimbo upimane na macho ya mtu mmoja yaliyokuwa yakififia, na yeye hakutuambia, alitupa sheria tu.

Kadzo alianza kulia. Mkaguzi akamkatiza. "Mamako amejaza upya?"

"Leo anajaza. Kwa simu ya jirani."

"Mpigie umwambie asiende mbele mpaka nimwambie. Na nyinyi mnionee huruma baadaye, huruma haitengenezi msimbo. Huu ukurasa wa zamani nataka ubaki mpaka mpya uitike."

"Hautabaki," nikasema. "Simu hii haina nafasi ya kurasa mbili. Ndiyo maana uliufunga."

"Najua. Kwa hiyo?"

Nilimweleza tufanyavyo kibandani. Mteja akija kubadilisha simu, ile kuukuu naichukua na kuitia kabatini. Lakini laini yake haitoki mkononi mwake. Simu mpya ikiwaka, laini inaingia humo. Isipowaka, namtolea ile ya zamani, anarudishia laini, na anaondoka akiwa bado ni yeye yule, na namba zake na watu wake.

Kidole chake kikagonga meza. "Laini," alisema. "Mshenga ashike laini tu. Ukurasa ulikuwa upi, msomaji alifika wapi, alikuwa ameandika nini. Nyumba ibomoke, laini ibaki."

"Na picha zilizokuwa kwenye ukurasa?" Kadzo aliuliza huku akijifuta kwa leso.

"Zote hizo punguza."

Miezi iliyofuata tuliandika sisi, yeye akasikiliza. Alasiri baada ya alasiri, madirisha yamefungwa nusu, Kadzo anasoma, mimi narekebisha, yeye anapatana nasi kila neno. Mwanzo tulisoma kila kitu. Baadaye ilitosha kusoma majina tu, akawa anajua kilichomo. Nilishangaa jinsi msimbo ule ulivyosomeka, hadi nilipokumbuka ulikuwa umekatwa kwa ajili ya siku hiyo. Maswali ya watu wa mbali yalipokuja aliacha kuyajibu. "Hilo analijua Kadzo," aliniagiza niandike. Au: "Hilo muulizeni huyu muuza simu." Nilikuwa najibu jasho likinitoka, naye pembeni anachambua mchicha, hasemi lolote, na kutosema kwake ndiko kulikonifunza.

Wakuu walipima, wakauliza, wakapima tena. Sehemu ya simu dhaifu ikabaki. Sharti lilikuwa moja tu, iwe na walezi wasiopungua wawili wanaoielewa. Katika faili la walezi tulikuwa watatu, jina lake la kwanza, kisha Kadzo, kisha mimi.

Nilimwendea mara ya mwisho Mambrui, nyumbani kwa dada yake, alikohamia baada ya kuachia kile chumba. Nilipiga hodi. Yeye aliyekuwa haijui hodi sasa alikuwa akikaa mbali na mlango, na ilimchukua muda kuitika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nini? Nasikia mfuko."

"Sambusa."

"Umelipa bei gani?"

Nikamwambia. Akasonya, akasema nimeibiwa. Nilitaka kumuuliza lini alianza kujua bei, nikaacha.

Simu ilikuwa mapajani mwake, ile mbovu ya kwanza. Aliweka ndani yake toleo letu la majaribio, pamoja na ile sauti inayosoma kurasa kwa wasioona. Akaniambia nimsomee mabadiliko ya mwisho kabla ya toleo kutoka, nikafungua kompyuta nikamsomea, na nilipofika kwenye faili la walezi nikapita haraka.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nilikwambia unitoe."

"Jina halili memori, mama."

"Toa."

"Likae mpaka Iddi. Kisha tutaongea."

"Mimi na wewe tumepatana lini nikashindwa?"

"Kibandani. Kila siku."

Hapo alicheka. Kisha akasema, "Sawa. Tuulize simu. Ikikumbuka, unanitoa." Akaigusa, na ile sauti ikaanza kumsomea mapishi ya samaki wa kupaka. Katikati ya nazi akabonyeza kwenda ukurasa mwingine. Mtandao wa Mambrui, anayeujua anaujua. Ulikatika. Simu ikanyamaza. Tulikuwa tunaijua vizuri kimya hicho, maana ndicho kilichokuwa kikija pamoja na weupe. Nikaona kidole chake kimesimama juu ya paja bila kugonga.

Sauti ikarudi. Ikaendelea na tui la nazi, pale pale alipoachia.

Hakusifu, wala hakusema alhamdulillahi kwa sauti, ingawa midomo yake ilitikisika. Aliufuata mfuko wa sambusa kwa mkono mpaka akaupata.

"Haya," alisema. "Sasa toa."

Nikalitoa. Akaniambia nimsomee faili lote tangu juu asikie lilivyokaa. Nikasoma. Kisha, kwa ule ugonjwa wangu, nikasoma mara ya pili. Mara zote mbili jina halikuwepo, na mara zote mbili nilisita pale pale.